Richard wa Tatu asiye na mkombozi: tamthilia ya Schaubühne, Berlin

Mwongozaji Thomas Ostermeier amemwondoa Richmond. Hakumpunguzia maneno tu wala kumpitisha haraka haraka. Amemfuta kabisa jukwaani. Kwa anayeijua Richard III ya Shakespeare, hilo si jambo dogo. Katika maandishi ya asili Richmond huingia karibu na mwisho, mikono safi, anasali kabla ya kulala, anaota ndoto njema, anaamka na kumuua Mfalme Richard, dhalimu wa tamthilia, kisha anatangaza kwamba atamwoa Elizabeth wa York ili koo mbili zilizochinjana kwa miaka mingi, York na Lancaster, ziwe kitu kimoja. Watazamaji wanarudi nyumbani wakiamini kwamba uovu una mwisho na kwamba anayekuja kuumaliza ni mtu mwema.

Shakespeare alikuwa na sababu ya kumaliza hivyo. Aliiandika tamthilia hii mnamo 1592 au 1593, na aliyekuwa kwenye kiti cha enzi wakati huo ni Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa huyo huyo Richmond aliyeshinda vita vya Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 na kuwa Henry wa Saba. Nani angethubutu kumchora babu wa malkia kwa rangi nyingine? Kwa hiyo mkombozi yule ni deni la kisiasa, na mtu akiisoma tamthilia kwa makini analiona: Richmond ndiye mhusika aliyepoa kuliko wote, hana mzaha, hana doa, na karibu hana damu. Ostermeier amelifuta deni hilo, na kwa kufanya hivyo amegusa mshipa wa tamthilia nzima. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, pamoja na sehemu ambayo naona mkasi wake umekata pasipostahili.

Onyesho hili lilizinduliwa Februari 2015 katika ukumbi wa Schaubühne, Lehniner Platz, magharibi mwa Berlin. Tangu hapo limerudi jukwaani mara nyingi na kusafiri hadi Avignon, London na New York. Jengo lenyewe lina historia yake: lilichorwa na msanifu Erich Mendelsohn na kufunguliwa mwaka 1928 likiwa jumba la sinema, na kundi la Schaubühne lilihamia hapo mwaka 1981 kutoka Kreuzberg. Ukiliona kutoka barabara ya Kurfürstendamm, lile pindo lake la mviringo, hudhanii kwamba ndani kuna kiwanja cha udongo.

Maana jukwaa lake ni udongo. Mbunifu wa jukwaa, Jan Pappelbaum, amejenga nusu duara inayoukumbuka ukumbi wa Globe wa London: viti vimepanda kwa ngazi kali kulizunguka jukwaa, na waigizaji wanacheza karibu kabisa na miguu ya safu ya kwanza. Nyuma kuna ukuta wa ghorofa mbili wenye rangi ya tope lililokauka, una roshani, una milango, una nguzo ya chuma ya kuteremkia. Kila kinachomwagika pale chini hubaki pale chini hadi mwisho. Damu ya Clarence, kaka yake Richard anayeuawa kwa hila za Richard mwenyewe, haipanguswi. Wanaokuja kusherehekea baadaye wanaikanyaga kwa viatu vyao vya kung'aa, na mimi niliyekuwa nimekaa safu za mbele nilikuwa naliona lile doa muda wote waliokuwa wanazungumza habari za heshima na sheria.

Mwanzo ni sherehe. Ukoo wa York umeshinda, wanaume wamevaa suti nyeusi na mashati meupe, wanawake magauni ya usiku, vinywaji vinatembezwa, vipande vya karatasi zinazometameta vinarushwa angani, na pembeni mpiga ngoma Thomas Witte anazipiga kwa nguvu inayotikisa kifua. Katikati ya kelele hizo anatembea mtu mmoja aliyevaa vibaya. Ana kibyongo, na kibyongo hicho ni cha bandia kilichofungwa kwa mikanda inayoonekana wazi. Hakuna anayejaribu kutudanganya kwamba ni cha kweli. Kichwani amevaa kofia ya ngozi inayobana. Anachechemea. Anajaribu kumchekea huyu na yule, wanampita. Huyo ndiye Richard, na anayemcheza ni Lars Eidinger.

Kisha anafikia kipaza sauti.

Kipaza sauti hiki kinastahili kuandikwa kama mmoja wa wahusika. Kinaning'inia kwa waya mrefu kutoka darini, katikati ya jukwaa, kikiwa na taa ndogo na kamera ndani yake. Richard anakivuta hadi midomoni na kuanza kusema nasi. Hapigi kelele. Ananong'ona, na mnong'ono huo unaingia sikioni mwa mtu aliyekaa safu ya mwisho sawasawa na aliyekaa ya kwanza. Uso wake, ulioangazwa na ile taa, unatokea mkubwa kwenye ukuta wa nyuma, vinyweleo na jasho vyote. Nimeona maonyesho mengi ambamo teknolojia ni pambo la kuonyesha kwamba mwongozaji ni mtu wa kisasa. Hapa kila kifaa kina kazi. Shakespeare alimpa Richard uzungumzi nafsi, yaani maneno anayoyasema akiwa peke yake jukwaani, mrefu kuliko wahusika wengine wote wa tamthilia hii, na lengo lake ni kutufanya wasiri: anatuambia atakachofanya, anakwenda kukifanya, anarudi kutuuliza tumeonaje. Kile kipaza sauti kinaifanya siri hiyo iwe ya mwili. Hatumsikilizi kutoka mbali. Yuko ndani ya sikio.

Na tunampenda. Nasema hivyo bila kificho kwa sababu ndiyo kazi ya nusu ya kwanza ya onyesho. Eidinger ni mcheshi, ana wepesi wa kumjibu mtazamaji aliyekohoa, anaacha Kijerumani na kuingia kwenye Kiingereza, anachomeka mashairi ya rapu, anautumia ule waya kupembea juu ya kiwanja. Wale mabwana wa suti wamepooza. Yeye peke yake ndiye aliye hai. Shemeji yangu, ambaye nilimsindikiza kwa sababu hapendi kwenda peke yake, kwa kawaida huanza kuangalia saa baada ya nusu saa. Safari hii alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, anacheka.

Halafu anakuja Anne. Tukio la Richard kumtongoza mjane mbele ya jeneza ni gumu kuliko yote katika tamthilia hii. Anne anajua kwamba aliyemuua mumewe na baba mkwe wake ndiye huyu aliyesimama mbele yake. Anamlaani, anamtemea mate. Na kabla maiti haijaondoka ameshakubali pete. Waongozaji wengi wanaipita aibu hiyo kwa kumfanya Anne awe mjinga au Richard awe mchawi. Ostermeier anafanya kitu kingine. Eidinger anavua nguo zote. Anabaki uchi, na kibyongo chake cha bandia na mikanda yake, anampa Anne upanga na kumwonyesha mahali pa kuchoma. Jenny König, anayecheza Anne, ana uwezo wa kumuua. Tunauona mkono wake ukitaka. Kinachomshinda si uzuri wa Richard wala maneno matamu. Ni kwamba ameonyeshwa mtu dhaifu kabisa, na mtu mwenye huruma hawezi kumchoma mtu wa namna hiyo. Richard anajua huruma ya wenzake ilipo na anaitumia kama silaha. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba nilisikia udongo ukisagika chini ya magoti yake. Na Anne alipoondoka, akageukia kipaza sauti na kutuuliza kama tumewahi kuona mwanamke akipatikana namna hiyo. Watu wengine walicheka. Shemeji hakucheka tena.

Hapo ndipo nilipoelewa mpango wa onyesho. Ostermeier hataki tumchukie Richard tangu mwanzo ili tutoke tukiwa wasafi. Anataka tuhesabu ni wapi tuliacha kucheka, na tujiulize kwa nini si mapema zaidi.

Baadaye kuna sehemu iliyozua ubishi kati yetu njiani kurudi. Buckingham, mshirika mkubwa wa Richard, anasitasita anapoambiwa kwamba watoto wawili wa marehemu mfalme, kaka yake Richard, lazima wafe. Richard, ambaye sasa ni mfalme, anaanza kumdhalilisha. Anatugeukia sisi na kutufundisha tusi, sentensi chafu ambayo siwezi kuiandika hapa, na kututaka tumrushie Buckingham kwa pamoja. Na ukumbi ukatii. Mara ya kwanza kwa kicheko, mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mzee mmoja karibu yetu alikunja mikono na kufunga mdomo. Alikuwa mmoja wa wachache. Moritz Gottwald, anayecheza Buckingham, alisimama pale akitutazama mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayegundua kwamba umati aliousaidia kuujenga sasa umegeuzwa dhidi yake. Shemeji alisema ni mzaha wa bei rahisi, kwamba mtu yeyote akilipa tiketi atafanya anachoambiwa na mwigizaji maarufu. Mimi nasema hiyo ndiyo hoja yenyewe. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tumekaa gizani, salama, katika nchi ambayo watoto hufundishwa shuleni ni nini hutokea umati unapoitikia, na bado sauti ilitoka.

Nilifundisha fasihi sekondari Tanga kabla ya kuhamia huku, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilikuwa moja ya vitabu nilivyovipenda sana kufundisha. Iliwafikia wasomaji mwaka 1969, ikirudi kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa kusini mwa Tanganyika wakipigana na Wajerumani. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni mhusika wa kubuni, si nakala ya mtu wa historia. Wanafunzi walikuwa wakiuliza: sasa kama si yeye, tunajifunza nini? Nilikuwa nikiwajibu kwamba tamthilia ya kihistoria haituelezi mtu alikuwaje. Inatueleza watu walifanya nini na neno lake. Usiku ule Berlin, nikiwasikiliza Wajerumani wakimcheza mfalme wa Kiingereza, nilitamani wanafunzi wale wawe pamoja nami, kwa sababu jibu lilikuwa linaigizwa mbele yetu na sisi tulikuwa ndani yake.

Kuhusu Richard wa kweli, mwaka ambao onyesho hili lilizinduliwa ndio mwaka aliozikwa upya. Mifupa yake ilipatikana 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, ikathibitishwa mwaka uliofuata, ikazikwa katika kanisa kuu la mji huo Machi 2015. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, lakini mkono uliokauka ambao Shakespeare alimpa haukuwepo. Alikufa akiwa na miaka 32 na alitawala kwa miaka miwili na kidogo. Ndiyo maana napenda kwamba kibyongo cha Eidinger kina mikanda inayoonekana. Onyesho linakiri kwamba ulemavu huu umefungwa mgongoni mwa mtu na waliomshinda. Na baadaye, akiwa mfalme, anavaa kitu kingine cha kubana: mshipi mgumu wa kiwiliwili na kola ya shingo kama ya majeruhi wa ajali. Mwili unanyooshwa kwa nguvu ili uonekane wa kifalme. Anakula viazi na jibini laini jeupe peke yake, kisha anajipaka lile jibini usoni hadi uso unapotea. Baada ya hapo hacheki na sisi. Kipaza sauti kipo bado, lakini hana la kutuambia, maana anayesema na watu ni yule anayehitaji kitu kutoka kwao.

Watoto wawili wa mfalme ni vikaragosi. Vina ukubwa wa watoto, vinaendeshwa na waigizaji wanaoonekana waziwazi, na vina nyuso zilizotulia mno. Nilikuwa na wasiwasi na uamuzi huo kabla ya kuuona. Mara nyingi vikaragosi huleta upole mahali ambapo tunahitaji uchungu. Hapa ni kinyume: wale watoto tangu wanapoingia wanatembezwa na mikono ya watu wengine, na watu wazima wote waliowazunguka wanasema nao huku wakitazamana juu ya vichwa vyao.

Sasa mkasi. Onyesho limepunguza maandishi mengi, na halina budi, kwa kuwa Richard III kamili ni miongoni mwa tamthilia ndefu kuliko zote za Shakespeare. Tafsiri ya Marius von Mayenburg ni ya nathari, ya Kijerumani cha leo, kali na fupi. Inakwenda kasi, na kwa mashairi tuliyopoteza nimeridhika na mwendo tuliopata. Lakini tumepoteza pia wanawake wanaoomboleza, na hapo siridhiki hata kidogo. Mama mzazi wa Richard hayumo kabisa. Margaret, malkia wa zamani aliyepoteza mume na mwana, anachezwa na mwanamume, Robert Beyer, na anachezwa vizuri, kwa sauti ya mtu aliyebaki na laana peke yake. Lakini anabaki pekee. Katika maandishi ya asili kuna tukio ambamo Margaret, Elizabeth mama wa wale watoto wawili, na mama wa Richard wanakaa chini na kuhesabiana wafu wao: nilikuwa na Edward, Richard akamuua, ulikuwa na Richard, Richard akamuua. Majina yale yale yanarudi hadi hujui ni nani anamlilia nani. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo msiba una wenyewe wa kuusema, na wanawake ndio wanaoujua ukoo mzima na nani alikufa lini, tukio lile ndilo moyo wa tamthilia. Ni mahali pekee ambapo wafu wa Richard wanapewa uzito wao na watu wasiotaka kiti cha enzi.

Na hasara hii inamgusa Ostermeier katika hoja yake mwenyewe. Ukimwondoa mkombozi, nani amebaki wa kumpinga Richard? Wanawake wale. Ukiwapunguza nao, jukwaa lote linakuwa la Richard, na sisi tunatoka tukizungumza kuhusu Eidinger. Eva Meckbach, anayecheza Elizabeth, anapata nafasi moja kubwa ya kusimama mbele yake, pale Richard anapomwomba ampe binti yake amwoe baada ya kuwaua wanawe, na anaitumia kila sekunde. Ni Anne tena, lakini safari hii Richard hapati anachokitaka kirahisi, na tunaona kwa mara ya kwanza ufundi wake umechakaa. Kwa nini tusipewe zaidi ya hayo? Dakika za kupembea kwenye waya zingeweza kutoa nafasi.

Mwisho wenyewe, hata hivyo, sijaona mwingine wenye nguvu kama huo. Richard amelala kitandani katikati ya kiwanja cha udongo. Anaota wale aliowaua. Anaamka, anashika upanga, na vita vya Bosworth vinaanza, na hakuna mtu mwingine. Anapigana na hewa. Anakinga mapigo yasiyotoka kwa yeyote, anachoma asiyekuwepo, anaanguka, anainuka, anaomba farasi, pumzi inamwisha. Ni tukio refu, refu kupita starehe, na hakuna muziki wa ushindi. Kisha anaufunga mguu wake kwenye ule ule waya wa kipaza sauti, unavutwa juu, naye ananing'inia kichwa chini kama mbuzi buchani.

Hakuna anayeingia kutangaza amani. Taji halimwendei mtu. Kilichomshusha si wema wa mwingine. Ni kwamba amewamaliza wote waliokuwa wa kupigana nao. Nimesikia watu wakilalamika kwamba mwisho huu unakwepa siasa, kwamba dhalimu wa kweli hafi kwa kuchoka, bali huondolewa na watu waliojipanga. Ni lalamiko zito na silipuuzi. Ndiyo sababu nyingine ya kuwataka wale wanawake. Lakini ukweli wa Shakespeare wa mwaka 1592, kwamba atakuja bwana mwema mwenye damu ya kifalme kutuokoa, ni wa kutilia shaka zaidi, na sisi wa Afrika Mashariki tumewaona mabwana wengi wakija na maneno ya Richmond midomoni.

Kwa anayetaka kwenda: onyesho ni la Kijerumani, na ziko siku ambazo tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa huonyeshwa juu ya jukwaa, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kununua tiketi. Nunua mapema, Eidinger ana watu wake Berlin na viti huisha haraka. Ni zaidi ya saa mbili na nusu bila mapumziko. Usiwapeleke watoto: kuna uchi, damu na lugha chafu. Anayesumbuliwa na kelele akae mbali na upande wa ngoma. Kabla ya kwenda, tafuta mchoro wa koo za York na Lancaster na uusome walau mara moja, kwa sababu Edward wako kadhaa, na mwigizaji mmoja anacheza hadi watu watatu au wanne. Christoph Gawenda, kwa mfano, ni Clarence, kisha ni mtu mwingine kabisa. Ukiweza kuchagua, chukua kiti cha safu za chini, upande wowote wa nusu duara. Ukiwa juu utauona ule uso mkubwa ukutani, lakini ukiwa chini utaona pia mkono wa mwigizaji ukikivuta kipaza sauti, na hicho ndicho cha kutazama.